Moyo wa chura, dripu na kete za bao: namna ya kufundisha kazi ya kalsiamu ndani ya msuli wa moyo

Mwongozo huu ni wa walimu wa vyuo vya afya na wa maabara za kidato cha tano na sita hapa Tanga, wanaotaka wanafunzi waone kwa macho kile kinachochorwa ubaoni kwa mishale: bila kalsiamu, moyo hauminyi. Tenga saa tatu, pamoja na muda wa kuandaa maji. Nusu ya kwanza ni ya chura, nusu ya pili ni ya bao. Usiishie kwenye chura. Mwanafunzi aliyeona chura tu huondoka akiamini kwamba mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kazi amepungukiwa kalsiamu, na siku moja atamwandikia vidonge vyake. Kosa hilo huzaliwa maabarani, na huko huko ndiko kwa kulizuia.

Maji kwanza

Mwaka 1883 daktari Sydney Ringer wa London alilazimika kusahihisha matokeo yake mwenyewe. Alikuwa amedhani moyo wa chura unapiga vizuri ndani ya maji safi yaliyotiwa chumvi, kumbe maji yaliyotumika maabarani kwake yalikuwa ya bomba, yenye chokaa. Yalipotumika maji yaliyokenekwa kweli, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, moyo ulilegea ukasimama. Alipotia kalsiamu kidogo, ukaanza tena.

Kosa la Ringer linaweza kukupata Tanga kwa urahisi kuliko kwingine. Ukanda huu umekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa hiyo hiyo iliyoliwa na maji. Kisima ambacho maji yake hukataa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika kina kalsiamu ya kutosha kukuharibia jaribio zima. Kwa hiyo maji ya kisima na ya bomba ni ya kuoshea vyombo tu, na suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyokenekwa. Kuchemsha hakutoshi, hata ukichuja.

Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa ikiwa ni maji kweli. Baadhi ya chupa zinazoitwa "maji ya betri" zina asidi. Chovya karatasi ya pH kabla ya kumwaga hata tone: ikisoma chini ya 5, rudisha. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni la plastiki, baada ya mvua kuwa imeosha hewa kwa nusu saa, ni mbadala mzuri. Yaliyopita kwenye paa na tangi la saruji siyo, kwa sababu saruji hutoa chokaa.

Chumvi ya mabwawani, ile ya pwani inayokaushwa juani, usiiguse kwa kazi hii. Ina magnesi, na ina kalsiamu ya jasi iliyoganda pamoja nayo. Chumvi ya mezani nayo huwa na madini ya joto na dawa ya kuzuia isigande. Badala ya kupima chumvi kwa mizani ambayo shule nyingi hazina, tumia dawa za wodini zilizokwisha pimwa kiwandani. Hesabu yake ni nyepesi.

Damu ya chura ni nyepesi kwa chumvi kuliko yetu. Dripu ya chumvi ya 0.9% ina gramu 9 kwa lita. Chura anataka kama gramu 6.5. Mililita 720 za dripu hiyo zina gramu 6.48. Kwa lita mbili za maji ambayo tutayaita maji mama, changanya hivi:

– dripu ya chumvi ya 0.9%, mililita 1,440
– kloridi ya potasiamu ya 15%, mililita 2
– bikabonati ya sodiamu ya 8.4%, mililita 5
– maji yaliyokenekwa hadi kufika lita 2

Hapo una potasiamu milimoli 2 kwa lita na bikabonati milimoli 2.5 kwa lita, bila kalsiamu. Karatasi ya pH isome kati ya 7 na 8. Sasa gawa. Chupa A ni ya kawaida: lita moja ya maji mama na mililita 5 za glukonati ya kalsiamu ya 10%. Kila mililita ya glukonati hiyo ina kama milimoli 0.22 za kalsiamu, kwa hiyo unapata milimoli 1.1 kwa lita. Chupa B haina kalsiamu: mililita 400 za maji mama, basi. Chupa C ina kalsiamu mara tano: mililita 200 za maji mama na mililita 5 za glukonati. Chupa D ina potasiamu nyingi: chukua mililita 200 za chupa A, ongeza mililita 1 ya kloridi ya potasiamu, ukiona moyo haujasimama, ongeza nyingine.

Kalsiamu iingie mwisho, polepole, huku unakoroga. Ukiikutanisha na bikabonati kabla haijazimuliwa, maji yatageuka maziwa. Huo ni ukoko wa birika unaouona ukizaliwa, na kalsiamu iliyogeuka chokaa haiingii tena kwenye seli. Chupa iliyotoa weupe imwage; usiichuje ukadhani imepona. Na mwonyeshe mwanafunzi weupe huo kwa makusudi kwenye kikombe kidogo, mililita moja ya glukonati kwa mililita moja ya bikabonati, maana atakutana nao tena akiwa wodini.

Watu huuliza kwa nini wasitumie dripu ya Ringer laktati, ile RL, wakati inabeba jina lile lile. Kwanza ina sodiamu kama milimoli 130 kwa lita, imemzidi chura. Pili ina kalsiamu ndani tayari, na ukiifanya kuwa chupa B hutaona chochote.

Chura

Vyura wa kawaida hupatikana mitaroni na bustanini wakati wa masika na vuli. Wawili wanatosha darasa zima, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba. Vyura wa misitu ya Amani waacheni huko huko. Wengine, kama Nectophrynoides tornieri anayezaa vitoto kamili badala ya kutaga majini, hawapo popote duniani ila kwenye milima ya Tanzania.

Usichanganye chura mwenye ngozi kavu ya vipele na chura laini wa majini ndani ya ndoo moja. Yule wa vipele ana tezi nyuma ya macho zenye utomvu mweupe, na ndani ya utomvu huo mna sumu inayofunga pampu ya sodiamu na potasiamu ya moyo, kazi ile ile ya dawa ya moyo iitwayo dijoksini. Yeye mwenyewe haimdhuru sana, pampu yake imeumbwa kuistahimili. Moyo wa jirani yake laini, na wako pia, haukuumbwa hivyo. Vaa glavu, badilisha glavu baada ya kuchuna ngozi, na mikasi ya ngozi isiguse moyo.

Klorofomu, ambayo maabara nyingi za shule bado zinayo kabatini, hudhoofisha msuli wa moyo wenyewe. Ukiitumia utaanza jaribio na moyo uliolegea, kisha ulaumu maji. Iliyo bora ni kumtia chura ganzi ndani ya maji yenye dawa ya ganzi MS-222, gramu 5 kwa lita, iliyosawazishwa kwa bikabonati ya sodiamu mpaka pH ifike 7, hadi asijibu hata ukimbana kidole cha mguu kwa koleo. Kisha mwalimu mwenye mazoezi avuruge ubongo na uti wa mgongo kwa sindano inayoingia pale fuvu linapokutana na pingili ya kwanza. Mwanafunzi asifanye hatua hii. Kama chuo hakina mtu anayeijua, tazameni video na mwende moja kwa moja kwenye bao.

Kuufunga moyo

Mchane kifuani, inua ncha ya mfupa wa kifua, kata, fungua mfuko mwembamba unaozunguka moyo. Utaona vyumba viwili vya juu na ventrikali moja yenye umbo la koni, na nyuma yake mfuko wa vena, sinasi, ambamo mapigo huanzia. Huo sinasi ndio roho ya kazi yote. Ukiukata, moyo husimama au hupiga kwa kuvizia.

Chukua kanula ya njano, geji 24, itoe sindano yake, ingiza ule mrija laini kwenye vena kubwa ya nyuma hadi mdomo wa sinasi, funga kwa uzi mwembamba. Unganisha na mrija wa dripu uliojaa maji ya chupa A, bila hata kiputo cha hewa. Kiputo kimoja kikiingia ventrikali, moyo hupiga povu badala ya maji na nguvu hupotea papo hapo. Kata mishipa mikubwa ya mbele ili maji yapate pa kutokea. Usawa wa maji uwe sentimita 3 hadi 5 juu ya moyo. Dripu ikitundikwa juu ya stendi kama ya mgonjwa, vyumba vya juu huvimba kama mapulizo na havirudi. Ndiyo maana mimina maji kwenye bomba la sindano la mililita 20 lililotolewa pistoni, uliweke chini chini.

Nyenzo ya kuandikia mapigo haihitaji kununuliwa. Chukua uchelewa wa mnazi mkavu wa sentimita 20. Tundika ncha yake moja kwa pini iwe egemeo, funga uzi sentimita 3 kutoka pale, na ncha ya pili ya uzi iishie kwenye kindoano cha pini kilichoshika ncha ya ventrikali. Ncha huru ya uchelewa, ikiwa sentimita 18 kutoka egemeo, hukuza mwendo wa moyo mara sita. Weka rula wima nyuma yake, piga video kwa simu. Uzi uwe umekaza kidogo tu. Ukivuta sana unapima ubishi wa uzi, si nguvu ya moyo.

Joto la Tanga ni adui asiyetajwa. Nyuzijoto 30 za mchana wa Februari huufanya moyo wa chura kukimbia na kuchoka ndani ya robo saa. Zungushia chupa barafu mpaka maji yasome 20 hadi 24. Hapo utapata mapigo kati ya 30 na 60 kwa dakika, na moyo utakuvumilia saa nzima.

Mfululizo wa chupa

Anza na A kwa dakika kumi bila kugusa kitu. Andika mapigo kwa dakika na milimita za uchelewa. Mwendo ukipungua kwa zaidi ya robo ndani ya dakika hizo kumi, usiendelee. Tafuta kiputo, uzi uliokaba sinasi, au maji ya moto.

Kisha B. Ndani ya dakika moja au mbili uchelewa huanza kupungua kimo, halafu hulala. Ventrikali inakuwa imelegea na kujaa. Waambie wanafunzi waangalie sinasi na vyumba vya juu kwa lenzi: mara nyingi bado kuna mtikisiko mdogo. Umeme unaendelea kupita, msuli hauitiki. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa la siku nzima, na ndilo linalopitwa kwa sababu wote wanatazama uchelewa uliolala. Usizidishe dakika tatu. Moyo wa mnyama wa damu moto ukikaa bila kalsiamu kisha ukarudishiwa, seli zake hujazwa kalsiamu kwa ghafla zikapasuka, jambo lililoelezwa kwa moyo wa panya mwaka 1966. Moyo wa chura ni mvumilivu zaidi lakini siyo wa chuma.

Rudi A mpaka kimo cha mwanzo kirejee. Kwa kawaida ni dakika moja hadi tatu.

C hutoa picha iliyo kinyume. Mapigo hupanda kimo, halafu chini ya mchoro huanza kuinuka: moyo unaminya vizuri ila haulegei wote. Ukiuacha husimama ukiwa umekunjamana, mgumu, mweupe. Ondoa kabla ya kufika huko. Wanafunzi wakumbuke kwamba kuna namna mbili za kusimama, kulegea na kukaza, na kalsiamu imehusika na zote mbili.

D husimamisha moyo ukiwa umelegea, kwa sababu nyingine kabisa: potasiamu nyingi nje ya seli hupunguza chaji ya utando mpaka milango ya sodiamu inabaki imefungwa. Ukitia matone machache ya glukonati ndani ya D, wakati mwingine mapigo hurudi kwa muda ilhali potasiamu bado ni ile ile. Shika hapo, tutaparudia.

Mwisho, adrenalini. Mililita 0.1 ya ampuli ya miligramu 1 kwa mililita, ndani ya mililita 100 za A. Changanya dakika ile ile ya kutumia. Ikigeuka ya waridi imekufa. Mapigo huongezeka, kimo hupanda, na moyo hulegea upesi zaidi. Kulegea upesi nako ni kazi ya kalsiamu.

Chura asichoweza kukuonyesha

Seli ya moyo wa chura ni nyembamba, upana wake kama mikromita 5, na kalsiamu inayoingia kutoka nje inatosha kuifikia yote. Ghala lake la ndani ni dogo. Ndiyo sababu ukiondoa kalsiamu ya nje analegea mara moja, na ndiyo sababu jaribio la Ringer lilifanikiwa. Chura anakuonyesha mlango, ghala hulioni.

Seli ya ventrikali ya binadamu ni nene mara nne au zaidi, na utando wake umezama ndani kwa vijifereji ili umeme ufike katikati. Umeme unapofika, milango ya kalsiamu ya utando hufunguka na kuingiza kiasi kidogo. Mkabala nayo, umbali wa kama nanomita 12 hadi 15 tu, kuna milango ya ghala iitwayo vipokezi vya rianodini. Kalsiamu kidogo iliyoingia huigusa nayo hufunguka, ikamwaga kalsiamu nyingi zaidi. Mbisho ndio unaofungua ghala. Mwaka 1993 watafiti walifanikiwa kuona kumwagika huku kwa kituo kimoja kimoja, vimemetameta vidogo ndani ya seli iliyotiwa rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu. Rangi za jamii hiyo zilianzishwa na Roger Tsien.

Wakati wa mapumziko, kalsiamu huru ndani ya seli ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya iliyo nje. Kwa pigo moja hupanda kama mara kumi, hushika troponini, protini aliyoigundua Setsuro Ebashi wa Japani miaka ya 1960, na troponini huachia nyuzi za aktini na maiosini zivutane. Halafu lazima yote iondolewe kabla ya pigo lijalo, kwa muda usiofika nusu sekunde. Kwa binadamu kama asilimia 70 hurudishwa ghalani na pampu iitwayo SERCA, na karibu yote inayobaki hutolewa nje na kibadilishaji kinachotoa kalsiamu moja kwa kuingiza sodiamu tatu. Panya ni tofauti, zaidi ya asilimia 90 hurudi ghalani. Ukisoma jambo lililothibitishwa kwa panya pekee, kumbuka hilo.

Bao

Hapa ndipo ghala linapoonekana. Chukua bao la kawaida lenye kete 64. Weka kete 28 kwenye bakuli moja, hilo ni ghala. Zile 36 zilizobaki ni nje ya seli. Katikati chora duara kwa chaki: hiyo ni saitoplazimu, ambamo troponini hungoja. Wanafunzi wanne: mlango, ghala, pampu na kibadilishaji.

Kila pigo, mlango anaingiza kete 3 kutoka nje. Ghala anamwaga robo ya kete zake. Hesabuni zilizomo duarani, mwandike. Hiyo ndiyo nguvu ya pigo. Pampu anarudisha saba kati ya kila kumi, kibadilishaji anatoa zilizobaki. Pigo la kwanza: 3 na 7 ni 10. Saba zinarudi, tatu zinatoka. Ghala ni 28 tena. Mnaweza kupiga mpaka jioni, namba haitikisiki.

Sasa dhoofisha pampu: arudishe nusu tu, mkigawa kwa kushusha chini kila sehemu isiyo kamili. Mlango asiguswe, aendelee na tatu zake. Namba za duarani zitakwenda 10, 9, 9, 8, 8, 8, 7, 7, 7, 7, 6, na hapo zitatulia kwenye 6 huku ghala likibaki na 15. Kete za nje hazikupungua, ziliongezeka. Waulize: mkiongeza kete nje, mgonjwa huyu atapona? Hapa ndipo vidonge vya kalsiamu vinapoanguka mkononi mwa mwanafunzi.

Jaribuni kuvuja. Kati ya pigo na pigo ghala lidondoshe kete 1, na kibadilishaji aitoe nje. Ghala linazidi kupungua, hilo la kwanza. La pili ni la hatari zaidi: kila kalsiamu moja inayotoka imeingiza sodiamu tatu, yaani chaji mbili dhidi ya tatu, na ile moja iliyozidi ni umeme. Kete tatu zikivuja mfululizo kati ya mapigo, kibadilishaji apige meza: pigo la ziada, lisilo na ratiba. Moyo ulioshindwa kazi hubeba yote mawili, pampu dhaifu na ghala linalovuja, ndiyo maana mgonjwa huchoka kwa udhaifu na anaweza kufa kwa mapigo yaliyovurugika.

Ongeza dijoksini: kwa kufunga pampu ya sodiamu humpunguzia kibadilishaji kasi ya kutoa kalsiamu. Kati ya kete zinazotaka kutoka, moja irudishwe ghalani. Kwenye moyo wa pampu dhaifu, namba itapanda kutoka 6 hadi 7 na kukaa hapo. Halafu ongeza dozi mpaka ghala lifurike, na mruhusu avuje. Nguvu na sumu vinatoka kwenye mlango mmoja. Uwiano wa bao si kipimo cha maabara. Ni sahihi kwa mwelekeo tu, na kwa ule wa saba kwa tatu.

Kinachovuka kwenda wodini

Chupa D ni mgonjwa wa figo mwenye potasiamu ya juu na ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, iliyoharibika. Anapewa glukonati ya kalsiamu ya 10%, mililita 10 hadi 30 mshipani kwa dakika 5 hadi 10, huku ECG ikitazamwa. Hufanya kazi ndani ya dakika chache, na hudumu nusu saa hadi saa moja. Potasiamu haijashuka hata kidogo. Umenunua muda tu wa kutoa insulini yuniti 10 na glukosi gramu 25 na kupanga hatua inayofuata. Ampuli ya kloridi ya kalsiamu ya 10% ina kalsiamu mara tatu ya glukonati kwa ujazo ule ule, kwa hiyo soma jina lote. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Na ule weupe wa kikombe: kalsiamu na bikabonati zisipite mrija mmoja bila kuusafisha kwa dripu ya chumvi. Seftriaksoni nayo huganda na kalsiamu, na kwa mtoto mchanga hilo ni marufuku.

Kabla ya kuamini jibu lolote la maabara linalosema potasiamu iko juu sana na kalsiamu chini sana kwa pamoja, kwa mgonjwa ambaye ECG yake ni nzuri, uliza damu iliwekwa wapi. Bomba lenye kifuniko cha zambarau lina EDTA ya potasiamu. EDTA humeza kalsiamu, chumvi yake huongeza potasiamu. Mtu akimimina damu kutoka bomba hilo kwenda jingine, ugonjwa huo huzaliwa ndani ya plastiki. Rudia kipimo.

Anayetumia dijoksini pamoja na furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, apimwe potasiamu. Ikishuka, dijoksini hushika pampu ya sodiamu na potasiamu kwa nguvu zaidi kwa dozi ile ile. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona manjano manjano si vya kupuuza. Mbegu za oleanda ya maua ya njano inayopandwa uani kwa urembo zina sumu ya jamii hiyo. Mtoto aliyezitafuna anatibiwa kama aliyemeza dijoksini.

Wapo pia waliozaliwa na milango ya ghala inayovuja chini ya adrenalini, ugonjwa unaofupishwa CPVT. Tangu mwaka 2001 inajulikana kwamba hitilafu huwa kwenye kipokezi cha rianodini au kwenye protini inayoshika kalsiamu ndani ya ghala. ECG ya kitandani huwa safi. Kijana anazirai akikimbia, akiogelea au akishtuliwa, kisha anaonekana mzima. Wengi huanzia kwenye dawa za kifafa au kwa mganga. Akizirai wakati wa kujituma mwili, na hasa kama kuna ndugu aliyekufa ghafla, apimwe ECG akiwa anakimbia kwenye mashine chini ya daktari wa moyo. Dawa za kuzuia adrenalini, kama propranololi, ndizo za kwanza.

Kufunga kazi

Mabaki ya chura yachomwe au yafukiwe pamoja na taka za kliniki. Yale ya chura wa vipele yasitupwe paka wanapofika. Chupa D imwagwe kwanza kabla ya nyingine zote, na lebo yake ichanwe. Ampuli za kloridi ya potasiamu zihesabiwe: zilizotoka kabatini, zilizotumika, zilizorudi. Zile zinazorudi ziwekwe peke yake, mbali na dripu za chumvi, maana ampuli hizo zikiwa bado hazijazimuliwa hufanana kabisa na ampuli za maji ya sindano.